Je, Kugeuka Njiani ni Woga?



Mtu aliyeanza jambo gumu, kisha akageuka kabla ya kulimaliza, je, ni mwoga? Vijana hujibu upesi: ndiyo. Wazee hukawia kujibu, maana wamewazika wengi ambao hawakutaka kugeuka. Leo twataka kulipima swali hili pamoja nanyi. Lakini hatutalipima hewani. Tutalipima juu ya njia moja ya kweli, yenye mawe na mteremko mkali, njia ya kupanda mlima kwa siku moja hadi mahali pa kuvukia. Maana neno la busara lisilo na mahali pa kusimama husahauliwa kabla ya jioni.

Mahali penyewe

Katika nchi ya Uswisi, huko Ulaya, kuna safu ya milima mirefu iitwayo Alpi. Safu hiyo huzitenga nchi za kaskazini na nchi ya Italia kama ukuta. Lakini ukuta huo hauna kimo kimoja kila mahali. Hapa na pale mgongo wa mlima hushuka kidogo kati ya vilele viwili, na hapo ndipo watu huvukia. Mahali kama hapo tutapaita pito. Pito tunalolisema leo huitwa Grand-Saint-Bernard, yaani la Mtakatifu Bernard Mkuu, nalo lina kimo cha meta 2470 hivi kutoka usawa wa bahari.

Wasomaji wetu wakaao chini ya Ruwenzori wameona kwa mbali weupe wa theluji juu ya vilele vyake, ingawa siku hizi weupe huo umepungua sana kuliko walivyouona babu zao. Huko Alpi theluji haikai vileleni tu. Wakati wa baridi hulifunika pito lote kwa unene wa meta nyingi, hata barabara ya magari hufungwa tangu Oktoba hivi mpaka mwanzo wa Juni.

Njia hiyo ni ya kale sana. Warumi walijenga pale juu hekalu la mungu wao Jupiter. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipita hapo akirudi kwao kutoka Roma. Karibu na mwaka 1050 Bernard, aliyekuwa arkidiakoni wa mji wa Aosta, aliwahurumia wasafiri waliokuwa wakifa kwa baridi na kunyang'anywa mali zao, akaanzisha pale juu nyumba ya kuwapokea. Watawa wa nyumba hiyo, wafuatao kanuni ya Mtakatifu Augustino, wangalipo hata leo, na nyumba yao hukaa wazi mwaka mzima.

Chini kidogo ya pito, upande wa Uswisi, kuna bonde ambalo wenyeji huliita kwa Kifaransa Combe des Morts, maana yake bonde la wafu. Na kando ya nyumba ya watawa palikuwa na kijumba cha mawe. Humo ziliwekwa maiti za wasafiri walioonekana wamekufa katika theluji. Hazikuweza kuzikwa, kwa kuwa ardhi ile ni mwamba na barafu, haichimbiki. Tena watawa walitumaini kwamba huenda siku moja ndugu wa marehemu angepita, akamtambua mtu wake. Wengine hawakutambuliwa na mtu kamwe.

Hesabu ya jioni

Tuseme basi mtu amekusudia kulipanda pito hilo kwa miguu na kurudi siku ileile, katika mwezi wa Julai, theluji ikiwa imekwisha kuyeyuka njiani. Atatoka katika kijiji cha Bourg-Saint-Pierre, chenye kimo cha meta 1632. Toka hapo hadi juu ni mwendo wa kilometa 12 hivi, na kupanda kwenyewe ni zaidi ya meta 830. Je, itamchukua muda gani?

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, jina lake William Naismith, alitoa kanuni nyepesi ya kuhesabu. Kwa kila kilometa 5 hivi, hesabu saa moja ya mwendo. Tena kwa kila meta 600 za kupanda, ongeza saa moja. Kilometa 12 ni karibu saa mbili na nusu. Meta 830 ni karibu saa moja na nusu. Jumla ni muda wa saa 4. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mwenye nguvu asiyepumzika. Mwenye busara ataongeza saa moja ya kupumzika, kunywa maji na kumngojea aliye dhaifu. Basi kupanda ni saa 5, kukaa juu ni saa 1, kushuka ni saa 3 na nusu. Siku nzima ni saa 9 na nusu.

Sasa atatoka lini? Katika milima ile, siku za joto, asubuhi huwa nyeupe, lakini baada ya adhuhuri mawingu huweza kukusanyika upesi, ikaja mvua ya radi. Na mtu aliye wazi juu ya mlima hana mti wala nyumba ya kujificha. Kwa hiyo atoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, afike juu saa nne na nusu, aanze kushuka saa tano na nusu, arejee kijijini saa tisa alasiri.

Kisha atazame mzigo wake. Kwa kila meta 1000 za kupanda, joto hupungua kwa digrii 6 hivi, na upepo huongeza baridi. Hivyo hata jua likiwaka bondeni, achukue nguo ya sufu na koti la mvua. Achukue maji, mkate, ramani, taa ya mkononi, viatu vyenye soli nene, na filimbi. Katika Alpi ishara ya mtu aliyepatwa na hatari ni kupiga filimbi mara 6 katika dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kupiga tena. Na kabla ya kulala, amwambie mwenye nyumba njia atakayoifuata na saa atakayorudi.

Linabaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Aiweke saa ya kugeuka. Aseme jioni, mbele ya wenzake: Ikiwa saa sita ya mchana hatujafika juu, tutageuka, hata kama pito tunaliona kwa macho.

Kwa nini jioni, wala si mlimani? Kwa sababu jioni moyo umetulia, tumbo limeshiba, na miguu haijachoka. Mlimani moyo una moto. Aliyekwisha kupanda saa 6 huona kwamba jasho lake lote litapotea asipofika. Na hofu ya kupoteza humfumba macho asione wingu. Basi yule mtu wa jioni ampe mkono yule mtu wa adhuhuri, na kumfunga kwa ahadi, kama mzee amfungavyo kijana.

Mfano wa watu watatu

Tuwafikirie watu watatu. Huu ni mfano tulioutunga, lakini watu wa namna hii wapo katika kila nchi. Mmoja ni mtu wa makamo. Wa pili ni mpwa wake, kijana wa miaka 20. Wa tatu ni rafiki wa kijana huyo, ambaye goti lake liliwahi kuumia zamani. Jioni wameketi mezani, na mjomba anahesabu saa kama tulivyohesabu sisi. Kijana anacheka.

“Mjomba,” asema, “mbona wahesabu saa kama mchuuzi ahesabuye franka zake? Juu kuna watawa. Tangu karne nyingi mlango wao u wazi. Tukichelewa, watatupokea. Tukipotea, watatutafuta.”

Mjomba akamjibu: “Mwanangu, mlango ule ulifunguliwa kwa ajili ya mtu aliyekutwa na shida. Haukufunguliwa kwa ajili ya mtu aliyeiita.”

Basi wakaagana: saa sita, kugeuka.

Asubuhi walitoka kwa wakati. Lakini baada ya mwendo wa saa 3, goti la yule rafiki lilianza kuvimba. Hakusema neno, kwa kuwa aliona haya. Mjomba akaliona jambo hilo katika mwendo wake, akapunguza hatua. Ilipofika saa sita walikuwa katika Combe des Morts, na pito lilikuwa bado juu yao kwa muda wa saa moja. Upande wa Italia wingu zito lilikuwa likiinuka.

“Ngojeni ninyi hapa,” akasema kijana. “Nipeni saa moja na nusu tu. Nitakimbia, nifike, nirudi.”

“Na wingu likishuka,” akauliza mjomba, “nimwache huyu mwenye goti nikutafute wewe, au nikuache wewe nikae na huyu?”

Kijana hakupata jibu. Wakageuka. Walishuka polepole sana, wakafika kijijini karibu na saa kumi. Na mvua haikunyesha. Wingu lilitawanyika, na jua likawaka juu ya vilele mpaka jioni.

Kijana alikaa kimya kwa uchungu. Mwishowe akasema: “Mjomba, waona sasa? Tungefika, na tungerudi salama.”

“Labda tungefika,” akajibu mjomba. “Lakini saa sita mimi sikuwa na jua la saa kumi. Nilikuwa na wingu, na goti la mwenzako.”

Hukumu ya jambo

Wapendwa, yapimeni maneno hayo ya mjomba. Watu wengi huhukumu uamuzi kwa mwisho wake. Jambo likiisha vizuri, husema lilikuwa la busara. Likiisha vibaya, husema lilikuwa la upumbavu. Lakini hukumu hiyo haina haki. Mlevi aliyevuka mto uliofurika akafika ng'ambo mzima hakuwa na busara. Mto haukumsifu, ulimwacha tu. Na aliyebaki ukingoni siku hiyo hakukosea, hata kama mtumbwi wa mwingine ulipita salama. Mtu huhukumiwa kwa nuru aliyokuwa nayo saa ya kuamua, na kwa jinsi alivyoitumia.

Hata hivyo, tusiseme kwamba wale watatu hawakupoteza kitu. Walipoteza. Kufika juu, kuliona ziwa dogo lililo karibu na nyumba ya watawa, kuitazama Italia chini ya miguu, ni furaha ya kweli, naye kijana alikuwa na haki ya kuitamani. Busara inayodai kwamba haigharimu kitu ni ya uongo. Wahenga walisema, kawia ufike. Lakini yuko na aliyekawia asifike kabisa. Ndiyo maana kugeuka kwataka nguvu.

Mmefundishwa kwamba fadhila kuu za tabia njema ni nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Angalieni kwamba nguvu haitembei peke yake. Nguvu isiyo na busara ni ukali wa mbogo aliyejeruhiwa. Mwoga ni nani basi? Ni yule anayeacha lililo jema kwa ajili ya kujihurumia. Kijana yule, alipogeuka pasipo kutaka kwa ajili ya goti la mwenzake, alionyesha nguvu kubwa kuliko ile ambayo ingemfikisha juu.

Tutatoa ushuhuda wa mtu aliyeijua milima kweli. Mwezi wa Julai mwaka 1889 Achille Ratti, padri wa Milano, aliupanda mlima Monte Rosa pamoja na padri mwenzake na waongozi wawili. Usiku uliwakuta karibu na kilele, juu zaidi ya meta 4500, katika baridi kali. Hawakujitupa gizani ili kuwahi kushuka. Walikesha juu ya ukingo mwembamba wa mwamba mpaka kulipopambazuka, ndipo wakaendelea na safari yao. Padri huyo baadaye alikuwa Baba Mtakatifu Pio XI, na mwaka 1923 alimtangaza Mtakatifu Bernard kuwa msimamizi wa wakaao milimani na wa wapandao milima. Alijua kwamba kuna saa ya kwenda, na kuna saa ya kukaa ulipo hata jambo lionekane.

“Maisha yangu ni yangu”

Labda mwingine atasema: Mimi nitakwenda peke yangu. Nikifa, nimekufa mimi. Maisha yangu ni yangu.

Tunamjibu: Hakuna mtu afaye peke yake mlimani. Kwa karne nyingi, katika majira ya baridi, watu wa nyumba ile walishuka asubuhi pande zote mbili za pito, wakichukua mkate na divai, kuwatafuta wasafiri katika theluji. Walikwenda na mbwa wao wakubwa. Mmoja wa mbwa hao, aitwaye Barry, aliyeishi toka mwaka 1800 hadi 1814, husimuliwa kwamba alisaidia kuokoa watu zaidi ya 40. Lakini wako pia watawa na watumishi waliokwenda kumtafuta mtu wasirudi, kwa kuwa poromoko la theluji liliwafunika. Siku hizi waokoaji hutumia ndege za helikopta na simu. Hata hivyo mwokoaji angali mtu mwenye mwili, na wengine wana mke na watoto wanaomngojea.

Basi yule asemaye “maisha yangu ni yangu” anakopa kwa jina la mtu mwingine. Anaweka rehani pumzi ya mtu asiyemjua, bila kumwuliza. Hilo si kosa dhidi ya busara tu. Ni kosa dhidi ya haki.

Tena mwingine atasema: Kuhesabu sana saa na mikate, je, si kukosa imani? Mungu hutulinda.

Naam, Mungu hutulinda. Naye ametupa macho ya kuona wingu na akili ya kuhesabu. Kumbukeni jinsi Shetani alivyomsimamisha Bwana wetu Yezu Kristu juu ya mnara wa hekalu, akamshawishi ajitupe chini, ili malaika wampokee. Yezu alikataa. Hakuyaita hayo kuwa imani. Aliyaita kumjaribu Mungu. Naye mwenyewe alitufundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Anayehesabu jioni anautunza uhai aliopewa.

Upande wa pili

Hata hapa tumesema habari za anayepanda. Tukikoma hapa, tutakuwa tumewafundisha nusu tu, nayo ni nusu ya hatari. Maana mtu aliyejifunza kuhesabu vizuri huweza kuwa na moyo mgumu. Hutazama aliyeanguka, akasema: “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilihesabu, kwa nini yeye hakuhesabu?” Kisha huenda zake.

Tazameni sasa yule anayengoja juu. Katika karne nyingi zile, mlangoni pa nyumba ya Mtakatifu Bernard walipita maaskofu na wachuuzi, mahujaji na watoro. Mwezi wa Mei mwaka 1800 Napoleon alilipitisha jeshi lake pale, watu wapatao 40,000, na watawa wakawapa askari mkate, jibini na divai. Hapakuwa na mtu aliyesimama mlangoni na kuuliza: Ulitoka saa ngapi? Ulichukua nguo ya sufu? Uliweka saa ya kugeuka? Aliyeletwa kutoka theluji aliwekwa kwanza karibu na moto.

Je, watawa wale hawakujua kwamba wengine walikuwa wapumbavu? Walijua sana. Kijumba cha mawe kilikuwa kando ya mlango wao, na walioletwa humo hawakuwa wote watu waliokosa bahati. Lakini waliona kwamba theluji haimwui mpumbavu polepole kuliko mwenye busara, na kwamba mtu aliye katika baridi hana muda wa kuhojiwa.

Basi hii ndiyo kanuni tunayotaka mwishike. Anayepanda na ajipange kana kwamba hakuna mtu atakayekuja kumwokoa. Anayengoja na aende kana kwamba aliyepotea hakukosa neno. Kila mmoja ana kipimo chake. Ubaya wote huingia watu wanapobadilishana vipimo: anayepanda akichukua huruma ya wengine kuwa sehemu ya mzigo wake, na anayengoja akichukua kosa la mwenziwe kuwa sababu ya kukaa karibu na moto.

Lakini tusielewe vibaya. Haimpasi mwokoaji kujitupa katika mauti bure. Yeye naye hutazama wingu. Yeye naye ana saa yake ya kugeuka. Anaweza kungoja tufani ipite. Ila sababu ya kungoja kwake iwe tufani, isiwe kosa la aliyepotea. Na maneno ya kuonya yana wakati wake. Kwanza mkate, kisha usingizi. Siku ya tatu, miguu ikiisha kupata joto, ndipo mtu humwambia mwenzake kwa upole: Ndugu, saa ile ilikuwa ya kugeuka.

Kijijini kwetu

Wapendwa, wengi wenu hamtaiona Alpi. Lakini mapito hayako Uswisi tu. Mama atakaye kuvuka mto na mtoto mgongoni, na huku maji yamepanda, yuko katika pito. Katekista aendaye kanisa la mbali siku ya mvua, naye ameahidi kurudi kabla ya giza, yuko katika pito. Mtu akopaye fedha ili afanye biashara asiyoijua, huku watoto wake wakihitaji ada ya shule, yuko katika pito. Naye angefanya vema aseme mbele ya mkewe, kabla ya kuanza: Nikipoteza kiasi hiki, nitaacha.

Na vipimo vile viwili viko kijijini pia. Mtu mmoja hakulima kwa wakati, maana alisema moyoni: Ndugu zangu hawataniacha nife njaa. Huyo amebadilisha kipimo; ameuweka ghala wa ndugu zake katika hesabu yake. Mvua ikapita, shamba likawa majani. Sasa watoto wake wana njaa. Naye jirani, mwenye mahindi ghalani, anasimama mlangoni akisema: Angalilima! Huyo pia amebadilisha kipimo. Neno lake ni la kweli, lakini si neno la saa hiyo, wala si yeye alipaswa kulisema kwanza. Neno hilo lilikuwa lake yule mvivu ajiambie mwenyewe, mwezi wa kulima.

Turudi basi kwa swali letu. Je, kugeuka njiani ni woga? Ndiyo, ukigeuka kwa kujihurumia. Sivyo, ukigeuka kwa sababu saa uliyoiweka imefika, na uhai wako na wa wenzako ni mzito kuliko furaha ya kufika. Pito litakuwa palepale mwakani. Mjomba yule alimwambia mpwa wake vivyo hivyo kabla ya kulala, naye kijana, ingawa uchungu wake ulikuwa haujaisha, aliinuka akaenda kumtafutia rafiki yake maji baridi ya kukandia goti.

Maswali ya kuzungumza pamoja na katekista

1. Kwa nini yafaa kuiweka saa ya kugeuka jioni, kabla ya safari?

2. Mvua haikunyesha siku ile. Je, mjomba alikosea? Toeni sababu.

3. Ni nani hulipa gharama ya ujasiri wa mtu asiyehesabu?

4. Katika kijiji chenu, ni wapi watu hubadilishana vile vipimo viwili, cha anayepanda na cha anayengoja?